Kabla Hujasimama Kudai Maziwa Mabichi Yaruhusiwe

Mara ya kwanza nilipopewa nafasi ya kuzungumza mbele ya kamati ya bunge kuhusu maziwa mabichi, nilikwenda na chupa. Niliijaza alfajiri ile ile, povu bado liko shingoni, na nia yangu ilikuwa kuinywa mbele ya waheshimiwa ili waone kwamba sianguki. Nikanywa. Wenzangu wakapiga makofi. Kisha mwenyekiti akamwita mzungumzaji anayefuata, mama mmoja aliyeshika picha ya mwanawe akiwa wodini, mirija mikononi, figo zimegoma. Ilikuwa E. coli, bakteria wa kinyesi, na mtoto aliipata kwenye maziwa mabichi. Yule mama hakupandisha sauti hata kidogo. Alizungumza dakika nne hivi akakaa, nami nikabaki nimeshika chupa tupu, sijui niiweke wapi.

Muswada ule ulifia pale pale. Baada ya hapo nimeshiriki kampeni nyingine mbili, moja ikafanikiwa, na siku hizi wanaotaka kuanzisha ya kwao hunipigia simu wakiomba maneno ya kusema. Huwa naanza na maneno ya kuacha.

Acha kusema maziwa mabichi ni salama. Najua umeyanywa tangu utotoni na hujaugua, hata mimi. Lakini ng'ombe aliyenona, manyoya yanang'aa, anaweza kubeba E. coli O157, aina ile kali, tumboni bila dalili yoyote, na chembe ya kinyesi ikigusa chuchu wakati wa kukamua inatosha. Bakteria wengine wa kuharisha, Campylobacter na Salmonella, hupata njia hiyo hiyo. Kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ugonjwa mwingine wa mifugo unaompata binadamu, ndiyo kabisa, hutoka na maziwa yenyewe hata mkamuaji awe msafi namna gani. Kupasha maziwa nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30, hakukubuniwa ili kumkomoa mfugaji mdogo. Jiji la Chicago, Marekani, lilipolazimisha jambo hilo mwaka 1908, maziwa ya mijini yalikuwa yanaua watoto. Ukikana historia hiyo, daktari wa upande wa pili hana haja hata ya kujiandaa.

Dai lako lisiwe kwamba hatari haipo. Dai kwamba mtu mzima aruhusiwe kununua kitu ambacho hatari yake anaijua, kwa mfugaji anayemjua, chini ya masharti yanayopimika. Watu watakuletea mfano wa chaza, wale wa baharini wenye magamba: mbona wanaliwa wabichi na sheria imenyamaza? Nimeutumia sana mfano huo mpaka mbunge mmoja akaniuliza ni nani anayemlisha chaza mtoto wa miaka miwili. Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu ndio wanaoumia zaidi, kwa hiyo wataje wewe kabla hujatajiwa.

Madai ya tiba nayo yaache nyumbani. Kila kampeni ina mtu mmoja anayeapa kwamba maziwa mabichi yamemponya pumu, mwingine kwamba tumbo lake linalokataa maziwa linayapokea haya. Kuhusu pumu, upo utafiti mkubwa wa Ulaya wa mwaka 2011 ulioona kwamba watoto wanaokunywa maziwa mabichi ya shambani huugua pumu kwa uchache, lakini watafiti wale wale hawakushauri watu wayanywe. Kuhusu tumbo, mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, waliwajaribu watu 16 na maziwa mabichi hayakuwasaidia kitu. Watu 16 ni wachache, sawa, ila na wewe unao wangapi? Mpinzani wako amezisoma karatasi hizo. Ukisimama na nusu ya habari, atakusomea nusu iliyobaki.

Kingine wanachopenda wanakampeni ni shujaa. Nchini Kanada, mfugaji Michael Schmidt wa Ontario alivamiwa shambani mwaka 2006 kwa ajili ya maziwa mabichi, akaburuzwa mahakamani kwa miaka, akashinda 2010, hukumu ikageuzwa 2011, akagoma kula zaidi ya mwezi mzima. Namheshimu. Kamera zilikuja, dunia ikamjua, na katazo likabaki palepale. Mbunge hapigi kura kwa sababu ya njaa ya mtu. Anapiga kura akishaelewa kwamba siku mtoto akiugua, hatanyooshewa kidole yeye.

Kwa hiyo kazi kubwa, na inayochosha, ni kuandika masharti, na uyaandike wewe kabla wizara haijakuandikia. Soma ya wengine. Ndani ya Uingereza kwenyewe kuna sheria mbili: Scotland ilipiga marufuku mwaka 1983, ilhali England inamruhusu mfugaji amuuzie mnywaji moja kwa moja, si kupitia dukani, na lebo iseme wazi kwamba maziwa hayajapashwa joto na yanaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru. Marekani serikali kuu ilikataza mwaka 1987 yasivushwe jimbo hadi jimbo kwa ajili ya kuuzwa, lakini ndani ya mipaka yake kila jimbo na sheria yake. California yanauzwa hata madukani, kwa sharti bakteria wote wasizidi 15,000 kwa mililita na wale wa jamii ya koliformu, wanaoashiria uchafu kama wa kinyesi, wasizidi 10. Namba kama hizo ndizo kamati inazozitaka. Zinamwezesha mkaguzi kufunga au kufungua bila kubishana na mtu.

Ila usiahidi kwamba vipimo vinalinda kila chupa. Majibu ya maabara huchukua siku mbili tatu, na maziwa ya siku ile yameshanywewa. Kipimo kinaonyesha tabia ya zizi tu. Tabia yenyewe iko kwenye mambo madogo: chuchu inafutwa mpaka inakauka, michirizi mitatu ya kwanza inakamuliwa kwenye kikombe cheusi ili mabonge ya ugonjwa wa kiwele yaonekane, na maziwa yanapozwa kufikia nyuzi nne bila kukawizwa. Mpeleke mbunge zizini saa kumi na moja alfajiri ashike kikombe hicho mwenyewe. Mmoja wetu alimpeleka, na yule mbunge alirudi na maswali ya maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa.

Halafu jiandae kwa siku mbaya. Homa ya mafua ya ndege ilipogunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Marekani Machi 2024, virusi vilikutwa kwa wingi kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe walioambukizwa. Baadhi ya wapenzi wa maziwa hayo wakasema ni uzushi. Ningekuwa msemaji wao, ningeomba makundi yote ya ng'ombe yapimwe kesho yake asubuhi. Nasema hivyo kwa uchungu, maana katika kampeni yetu ya pili mfugaji mmoja alipata majibu mabaya ya Listeria, bakteria mwingine hatari, tukakaa kikao usiku kucha tukijadili tuseme au tusubiri kura ipite. Tulisubiri. Siri ilivuja ndani ya siku tano na kampeni ikafa, nayo ilistahili.

Mara ya tatu sikubeba chupa. Nilibeba daftari la vipimo la mfugaji mmoja, miezi kumi na minane, na kurasa mbili zenye wino mwekundu. Mwenyekiti alifungua palepale kwenye wekundu, akauliza siku hiyo maziwa yalikwenda wapi. Mfugaji mwenyewe akajibu kwamba yale ambayo hayajatoka aliyamwaga, na ya siku zilizotangulia aliwapigia simu wanunuzi wote, na orodha yao ile pale nyuma ya daftari. Mwenyekiti akafunua nyuma, akahesabu majina kwa kidole. Muswada ulipita ukiwa na lebo ya onyo ndefu kuliko tuliyoitaka, herufi nene, na wapo wenzangu ambao hadi leo hawajanisamehe kwa kuikubali.