Ukungu wa bafuni: tafuta maji kwanza, dawa baadaye

Tulihamia nyumba hii ya kupanga hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa masika. Bafu lake lina kidirisha kimoja tu, kidogo, juu kabisa karibu na dari. Haukupita muda nikaona vidoti vyeusi chini ya shawa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Nikasugua kwa brashi na sabuni ya unga, vikatoka. Siku nne tu vikawa vimerudi, na safari hii vimepanda kwenye mistari ya grauti kati ya tailizi.

Nilisugua hivyo kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Mwanangu wa mwisho ana pumu, na ukungu ni kitu kinachoweza kuichochea. Kila alipokohoa usiku nilikuwa nawaza ile kona.

Kabla ya yote niseme jambo la hatari, maana nililifanya. Siku moja nilimwaga Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sakafuni, nikaona haitoshi, nikaongeza dawa ya kusafishia choo juu yake. Koo lilibana papo hapo, macho yakawaka, nikatoka mbio na kukaa barazani mpaka pumzi ikarudi. Dawa nyingi za choo zina asidi, na klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Siki nayo ni asidi. Dawa zenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, nazo usizichanganye na Jik. Tafadhali sana, dawa moja kwa siku moja, na suuza kwa maji mengi kabla ya kugusa nyingine.

Aliyenifungua macho ni fundi bomba. Nilimwita kwa koki inayovuja jikoni, nikamwonyesha na bafu. Akapapasa ukuta kwa kiganja, akaniuliza, "Dada, haya maji yanatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Akanifundisha vipimo viwili. Cha kwanza, funga koki zote, hakikisha na tangi limejaa, halafu itazame mita ya maji: ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja mahali. Cha pili, kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni kwa utepe wa gundi pande zote nne, usiogee hapo kwa siku nzima. Unyevu ukijikusanya chini ya nailoni, ukuta wenyewe una maji. Ukikaa juu yake, ni mvuke na hewa nzito ya humo ndani. Wangu ulikuwa juu. Ungekuwa chini, ningemwita mwenye nyumba kabla ya kununua dawa yoyote.

Baada ya hapo kusafisha kukawa na maana. Lowesha ukungu kabla ya kuusugua, kwa sababu ukiukwangua mkavu vumbi lake linapeperuka na unalivuta. Vaa glavu na barakoa, fungua dirisha na mlango, watoto wawe mbali. Kwenye grauti nilipaka siki nyeupe bila kuichanganya na maji, nikaiacha saa nzima, nikasugua kwa mswaki mkuukuu. Siki usiifanye ya kila wiki, inakula saruji ya grauti. Na kama ukuta wako ni wa mawe halisi badala ya tailizi za kawaida, usiiguse kabisa.

Kona ya silikoni, ule mpira unaoziba pale ukuta unapokutana na sakafu, ndiyo iliyonitoa jasho, maana dawa ikipakwa hapo huteremka kabla haijafanya kazi. Siku nyingine, baada ya kusuuza vizuri, nilisokota karatasi za chooni kama kamba nyembamba, nikazichovya kwenye Jik, nikazilaza juu ya ule mstari mweusi na kuzifunika kwa nailoni usiku kucha. Asubuhi sehemu kubwa ilikuwa nyeupe. Palipobaki peusi, ukungu ulikuwa umeshaingia ndani ya silikoni yenyewe, na hapo hakuna dawa. Nilikata kwa wembe, nikang'oa, nikaacha pakauke kabisa, kisha nikaweka silikoni mpya ya bafuni, ile iliyoandikwa kuwa inazuia ukungu. Hatukuoga humo kwa saa 24.

Tangu hapo, anayeoga wa mwisho hukokota maji ya ukutani na sakafuni kwa kile kifutio cha mpira, kazi ya dakika mbili. Taulo na nguo mbichi zinaanikwa nje. Mlango wa bafu unabaki wazi, na jioni za mvua naelekeza feni ya sebuleni humo kwa nusu saa. Masika ya mwaka huu yamepita, na jana nimepitisha kidole kwenye ile kona: pakavu, na silikoni bado nyeupe.