Bega limeshuka baada ya kukatwa tezi: mshipa gani huo "ulioruka"?

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Mimi ni mchumaji wa karafuu, Konde, Pemba. Miezi minne nyuma nilikatwa tezi shingoni upande wa kulia. Kidonda kimepona, lakini mkono nikiuinua kwa ubavuni haupiti usawa wa bega, na bega lenyewe limeshuka. Mkarafuu sipandi tena, nakaa na watoto kuchambua. Shingo nageuza vizuri na ganzi sina. Mchua kasema mshipa umeruka; kanichua mara sita, na mwengine kaniumika. Niendelee, au nisubiri tu?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kuchuliwa basi, kuanzia leo. Na kusubiri pia hapana.

Hili neno "mshipa" linatuponza. Mshipa kwetu ni wa damu, mshipa ni kano, mshipa ni ngiri, mshipa ni fahamu. Mtu akisema "umeruka" sote twaitikia, wala hakuna anayeuliza ni upi. Neva, yaani huo mshipa wa fahamu, hairuki. Hukatika, huvutika, hubanwa au huungua, na iliyokatika haiungwi na kidole gumba hata ukisuguliwa chupa nzima ya mafuta ya karafuu.

Ninayoishuku mimi ni neva ya nyongeza, ya 11 katika jozi 12 za neva za kichwa. Njia yake ina kioja: inaanzia kwenye ugwe mgongo, ule uzi wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo, hapa shingoni, inapanda hadi ndani ya fuvu kwa tundu kubwa la chini, kisha inatoka tena kwa tundu jengine ikifuatana na ya 9 na ya 10. Ikishuka inauhudumia msuli ule unaotutumka shingoni ukigeuza uso upande wa pili. Halafu inakatiza ubavu wa shingo kuelekea msuli wa trapezi, ule mpana unaotoka kisogoni na kushika kombe la bega. Katika kipande hicho cha mwisho imelala karibu sana na ngozi, nyembamba, na tezi zimeizunguka. Asiyeijua hudhani anakata uzi wa nyama.

Sasa tazama maelezo yako mwenyewe. Shingo inageuka kwa sababu tawi la msuli ule wa mbele limeshatoka juu, kabla ya pale ulipokatwa. Ganzi huna kwa sababu kazi kubwa ya neva hii ni kutikisa misuli, si kuhisi ngozi. Hapa ndipo ninapochoka. Kila mara naletewa mtu aliyekwisha kuambiwa "huna ganzi, basi si neva, hilo ni bega limeteguka", na mkono umeshavutwa mpaka na kiungo cha bega, kilichokuwa kizima, sasa kinauma.

Vua shati, umwambie mtu asimame nyuma yako. Aangalie kama upande wa kulia, baina ya shingo na bega, pamebonyea, na kama kombe la bega limekwenda mbali na uti wa mgongo. Kisha inua mikono yote miwili kwa ubavuni. Usitegemee kupandisha mabega peke yake. Upo msuli mwengine chini ya trapezi unaosaidia, na kipimo hicho kimewadanganya hata wenzangu wenye makoti meupe.

Neva huota kama milimita 1 kwa siku, na msuli usio na neva hukonda. Ukipita mwaka na nusu hivi, neva hata ikifika haitaukuta msuli wa kuamka. Kuunganisha kwenye miezi sita ya mwanzo kuna matumaini zaidi, nawe umeshatumia minne. Omba rufaa kwa daktari wa upasuaji anayeshughulika na neva, na kipimo cha umeme wa misuli. Huenda neva ilichubuka tu na inarudi yenyewe; kipimo kitasema. Kwa sasa usiuache mkono ukining'inia, na mazoezi ya bega akupe mtu wa fiziotherapia.

Sikuulizi nani alikukata. Lakini naona makovu mengi ya namna hiyo, mengine marefu kuliko tezi yenyewe, na mwenye nayo hajawahi kuambiwa tezi ile ilikuwa nini. Nyingi huku huwa ni kifua kikuu cha tezi, ambacho dawa yake ni vidonge vya miezi sita. Mara nyingi sindano nyembamba huvuta chembe za kutosha kupimwa bila kufungua shingo. Ikibidi kukatwa, akukate anayeweza kukuonesha kwa kidole neva hii inapita wapi, na kabla ya sindano ya ganzi akwambie uinue mikono yote miwili, aandike. Asipokuuliza hilo, na wembe anautoa kwenye karatasi, shuka kitandani uende zako.