Kufunga kioo cha mbele na cha nyuma kwenye Volkswagen ya zamani: maneno kwa fundi anayeanza

Kioo chenyewe huingia kwa dakika chache tu, ikiwa watu wawili wanaelewana. Kazi inayokula siku ni kuandaa ukingo wa bati unaokipokea, na hapo ndipo mafundi wengi wanaoanza hulipua kazi. Gari hurudi baada ya mvua ya kwanza, mwenye gari analalamika kwamba mpira ni feki, nawe unaanza kutafuta silikoni. Nakuomba usifike huko. Nitazungumzia Volkswagen Beetle, ile yenye injini nyuma, kwa sababu ndilo gari la zamani utakaloletewa mara nyingi, na ukilijua hilo utaweza pia magari mengi ya wakati wake.

Magari ya leo kioo cha mbele hubandikwa kwa gundi. Beetle haina gundi. Ina mpira unaozunguka kioo, na mpira huo una mifereji miwili: mmoja unashika kioo, mwingine unauma ukingo wa bati. Kila kitu kinategemea mpira kukaa sawa kwenye ukingo. Ukingo ukiwa umeliwa na kutu, umepinda, au umepakwa puti, yaani ile dawa ya kujazia mashimo ya bodi, hakuna mpira duniani utakaozuia maji.

Kabla hujaagiza chochote, jua gari ni la mwaka gani. Kioo cha mbele kilikuwa bapa kabisa mpaka modeli ya 1964. Modeli ya 1965 kikaongezwa ukubwa na kupewa mpindo kidogo. Halafu ikaja Beetle aina ya 1303, modeli ya 1973, yenye kioo kilichopinda sana, na hicho hakiingiliani na kingine chochote. Nyuma, magari ya mwanzo yalikuwa na vioo viwili vidogo vilivyogawanywa katikati. Mwaka 1953 kikaja kimoja chenye umbo la yai, na modeli ya 1958 ikaleta kikubwa cha pembe nne, ambacho nacho kiliongezwa tena 1965 na 1972. Kwa hiyo mteja akikuambia “niletee mpira wa kioo cha nyuma cha Beetle”, bado hajakuambia kitu. Pima nafasi, uliza mwaka, na angalia kama gari lina urembo wa kromu unaozunguka mpira. Kuna mpira wenye mfereji wa ziada wa kushika urembo huo na kuna usio nao. Ukinunua usio nao, urembo wa mteja utabaki kabatini.

Wenye magari ya kioo bapa wana bahati moja ambayo wengi hawaijui. Volkswagen zilizoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962 zote zilikuwa za kioo bapa, na wapo wanaotunza magari ya miaka hiyo wakiamini kioo hakipatikani tena. Kioo bapa cha tabaka mbili kinaweza kukatwa na duka la vioo linalojua kazi yake, kwa kufuata kipimo cha kile cha zamani. Sisitiza kiwe cha tabaka mbili, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Hicho kikipigwa na jiwe hupata ufa lakini hubaki mahali pake. Usikubali kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, hata mteja akibembeleza kwa sababu ya bei. Siku ya ajali, kioo hicho hugeuka visu mbele ya uso wa mtu.

Kioo cha nyuma ni cha aina nyingine: kimepashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, na kikivunjika humwagika kwa punje ndogo. Hicho hakikatwi wala hakitobolewi. Ukijaribu, chote kinaisha mikononi mwako. Kuvitofautisha ni rahisi. Cha tabaka mbili, ukitazama ubavuni, utaona mstari wa utando katikati. Kile kigumu, ukikitazama kwa miwani ya jua ile ya kuondoa mng'ao, mara nyingi utaona madoa au mistari iliyofifia. Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa kufunga. Cha tabaka mbili hakipendi kupindwa hata kidogo, na ufa wake huanzia pembeni. Kile kigumu huvumilia kusukumwa, lakini ubavu wake ukigusa zege, habari yake imekwisha. Vyote viwili vilaze juu ya blanketi, na ukivisimamisha, weka ubao uliofunikwa kitambaa chini yake.

Kutoa kioo cha zamani, kata mpira. Nimeona mafundi wakiingia ndani, wakalala kwenye kiti na kusukuma kioo kwa miguu ili kuokoa mpira ambao umeshakauka kama gome. Mpira huo hautatumika tena hata ukitoka mzima. Chukua wembe mkali, kata mdomo wa nje pande zote, kisha mmoja asukume taratibu kutoka ndani kwa viganja na mwingine apokee nje. Vaa glavu na miwani. Urembo wa kromu utoe mapema kwa mkono mwepesi, maana ukipinda haunyooki vizuri tena.

Sasa ukingo. Kwangua mabaki yote ya mpira na gundi mpaka uone bati. Kutu hupenda kona za chini, kwa sababu maji hukaa hapo chini ya mpira bila kuonekana kwa miaka. Magari ya pwani, ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, yakaguliwe kwa jicho kali zaidi, kwani chumvi ya hewani haina huruma. Bati likiwa limetoboka, fundi bodi akate sehemu mbovu na kuchomelea bati jipya lenye unene uleule. Usikubali puti kwenye ukingo. Mfereji wa mpira umetengenezwa kwa unene wa bati. Puti hunenepesha ukingo, mpira unabana vibaya, halafu puti yenyewe hupasuka kwa mtikisiko wa barabara na maji yanapata njia.

Baada ya kuchomelea, kabla ya rangi, vika mpira kwenye kioo na uvisimamishe kwenye nafasi yake bila kuviingiza. Tazama pengo pande zote. Likiwa pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, nafasi imepinda, na ni heri uijue sasa kuliko wakati ufa umeshatokea. Gari liwe limesimama kwa magurudumu yake manne, lisiwe kwenye jeki, kwa sababu bodi hujipinda kidogo likinyanyuliwa upande mmoja.

Halafu msasa, praima ya kuzuia kutu, rangi, na subira. Rangi ambayo haijakomaa itanata kwenye mpira na kubanduka siku kioo kitakapotolewa tena. Kama kitambaa cha paa kinabadilishwa, kiwekwe kabla ya vioo, kwani kwenye Beetle kingo zake hukunjwa na kubandikwa kwenye ukingo huohuo wa bati, chini ya mpira. Fundi wa viti akija baada yako, kazi yako yote itatolewa.

Siku ya kufunga, acha mpira juani ulainike. Kwenye miji ya baridi, uloweke kwenye maji ya moto. Vika mpira kwenye kioo, ukihakikisha kona zake zimekaa kwenye kona za kioo. Urembo wa kromu uingize sasa hivi, kioo kikiwa bado mezani, kwa sababu kikishafungwa garini utahangaika bure. Kisha chukua kamba laini ya nailoni yenye unene wa milimita 4 au 5, uilaze ndani ya mfereji wa nje, ule utakaouma bati, uzungushe pande zote na uache ncha mbili zipishane kwa kiasi cha shubiri katikati ya upande wa chini, zikining'inia upande wa ndani. Pakaa maji ya sabuni kwenye mfereji na kwenye ukingo. Usipake grisi, oili wala petroli. Huuvimbisha mpira na kuuharibu.

Kibebeni watu wawili, mkiweke katikati, wa nje akikandamiza kwa viganja. Wa ndani avute ncha moja ya kamba kuelekea katikati ya kioo, polepole. Kamba ikitoka, mdomo wa mpira hupanda juu ya bati. Wa nje afuate kwa viganja palepale kamba inapotokea, wala si mbele yake. Anzeni chini, mpande ubavu mmoja, kisha mwingine kwa ncha ya pili, mmalizie juu. Zungumzeni muda wote. Mpira ukikataa kupanda mahali fulani, simameni, ongezeni sabuni, sukumeni tena. Kusaidia mdomo uliokwama, tumia kijiti cha plastiki kisicho na ncha. Bisibisi iache kwenye boksi, na kioo kisipigwe ngumi.

Kisha jaribu maji kabla ya kufikiria dawa yoyote ya kuziba. Bomba lenye mkondo mdogo lianze chini na kupanda juu taratibu, mwenzako akiwa ndani na tochi na karatasi kavu. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kwenye kioo cha nyuma uwe mkali zaidi, kwani maji yakiingia hapo hushuka mpaka chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, ambako betri ya Beetle inakaa, na sakafu ya hapo ndiyo huoza kabla ya kwingine. Pakivuja, inua mdomo wa mpira sehemu hiyo tu na uweke dawa ya kuziba isiyoganda. Silikoni yenye harufu ya siki isiguse gari hili: asidi yake hula bati chini ya rangi, na fundi atakayefungua baada yako atakuta kutu mpya.

Kama ndiyo unaanza, usianze na kioo cha mbele. Omba upewe vile vioo vya pembeni vya nyuma visivyofunguka. Vinafungwa kwa kamba vilevile, ni vidogo, na ni vya ile aina ngumu inayovumilia kusukumwa. Vikishaingia bila kuvuja, funga cha nyuma. Cha mbele kifuate baada ya hapo, na kwa mara kadhaa za mwanzo wewe ukae nje ukikandamiza, fundi wako akae ndani na kamba.