Jina lipitalo kila jina ni lipi?

Swali la wiki hii liliuliza ni jina gani hasa ambalo, kwa maneno ya Mtume Paulo katika Wafilipi 2:9, Mungu alimkirimia Kristo, "Jina lile lipitalo kila jina". Wengi wetu tungejibu upesi kwamba ni "Yesu", kwa kuwa mstari unaofuata unasema kila goti litapigwa kwa jina la Yesu. Naliheshimu jibu hilo, lakini naona halifiki kwenye kiini. Jina Yesu lilitajwa na malaika kabla mtoto hajazaliwa, tena lilikuwa jina la kawaida kati ya Wayahudi wa zama hizo, hata Paulo mwenyewe anamtaja mwenzake aitwaye "Yesu Yusto" katika Wakolosai 4:11. Wafilipi inazungumzia jina alilokirimiwa baada ya kutii hata mauti ya msalaba.

Ufunguo umo katika Isaya 45:23, andiko ambalo Paulo analirudia karibu neno kwa neno. Hapo Mungu anaapa kwa nafsi yake kwamba mbele zake kila goti litapigwa na kila ulimi utaapa, na sura hiyo, inayoanza kwa kumtaja Koreshi, mfalme wa Uajemi, inakariri kwamba hakuna Mungu mwingine ila yeye. Paulo, aliyelelewa katika Torati miguuni pa mwalimu Gamalieli, alijua vyema anagusa nini alipoyahamishia maneno hayo kwa mtu aliyesulubiwa. Kwa hiyo ukiri wa Wafilipi 2:11, kwamba Yesu Kristo ni Bwana, unabeba uzito wa lile jina la Mungu mwenyewe, lenye herufi nne za Kiebrania, YHWH, ambalo wasomaji wa Kiyahudi walikuwa wakisoma "Bwana" mahali pake, na ambalo Biblia yetu ya Union Version huliandika BWANA kwa herufi kubwa.

Wala si mahali pamoja tu. Yoeli 2:32 anaahidi wokovu kwa kila atakayeliita jina la BWANA, na katika Warumi 10:13 ahadi hiyohiyo inawekwa juu ya wanaomkiri Yesu.

Wako wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: kama alipewa, si ina maana kwamba hakuwa nalo? Wafilipi 2:6-7 inatangulia kusema kwamba mwanzo alikuwa yuna namna ya Mungu, kisha akajifanya hana utukufu. Kilichotolewa baada ya msalaba, nionavyo mimi, ni kutangazwa hadharani, mbele ya mbingu na nchi, kwa Yule aliyejishusha kuwa mtumwa. Tena Isaya 42:8 inatuzuia kusema zaidi ya hapo au pungufu yake, kwani BWANA anasema waziwazi kwamba utukufu wake hatampa mwingine. Akimpa Kristo jina lake, basi Kristo si "mwingine" katika maana ile ya Isaya.

Hata hivyo Mwana hachanganywi na Baba. Ukiri wote unaishia "kwa utukufu wa Mungu Baba", na 1 Wakorintho 8:6 inaligawa ungamo la kale la Israeli, la Mungu mmoja aliye BWANA, kwa namna ya kushangaza: Mungu mmoja, Baba, ambaye vitu vyote vimetoka kwake, na Bwana mmoja, Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo.