Je, Yesu aliingia jehanamu aliposhuka kuzimu?

SWALI: Katika Imani ya Mitume tunakiri kwamba Yesu alikufa, akazikwa, akashuka kuzimu. Tangu utotoni nimefundishwa kuwa kuzimu ndiko motoni kwa waovu. Sasa Mwokozi asiye na dhambi alifuata nini huko?

JIBU: Hakwenda motoni. Kuzimu na jehanamu ni vitu viwili, na mahubiri mengi huvichanganya.

Kuzimu, Sheoli kwa Kiebrania na Hadesi kwa Kigiriki, ni makao ya wafu. Yakobo alipodhani Yusufu ameraruliwa na mnyama, alisema atamshukia mwanawe kuzimu akiomboleza (Mwanzo 37:35). Hakuwa na maana kwamba Yusufu anaungua! Ndiyo maana Petro, akihubiri siku ya Pentekoste, alisema Kristo hakuachwa kuzimu (Matendo 2:31): alikufa kweli kama tufavyo sisi, lakini mauti hayakuweza kumshikilia.

Jehanamu ni neno jingine kabisa. Linatokana na bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu, ambako watoto walichomwa moto kwa ajili ya Moleki, mungu wa kipagani, mpaka mfalme Yosia alipopatia unajisi mahali hapo (2 Wafalme 23:10). Katika Agano Jipya la Kigiriki neno hilo limo mara 12. Mara 11 latoka kinywani mwa Yesu mwenyewe, na moja liko Yakobo 3:6. Yesu alilitumia kwa adhabu ya mwisho.

Ukitaka kuhakikisha, soma Ufunuo 20:13-14 polepole. Kuzimu inawatoa wafu wake, wanahukumiwa, kisha Mauti na Kuzimu zinatupwa katika ziwa la moto. Kama kuzimu ndiyo ziwa la moto, ingetupwaje ndani yake yenyewe?

Utauliza: na yule tajiri wa Luka 16 aliyeteswa kuzimu? Mateso yapo, ni kweli. Lakini angalia, ndugu zake watano bado wako hai duniani, na anaomba waonywe. Kwa hiyo siku ya hukumu haijafika. Anayeitumia habari hiyo kueleza jehanamu ameruka ufufuo, na ufufuo ndio kiini cha tumaini letu: wote waliomo makaburini watatoka, waliotenda mema kwa uzima, waliotenda mabaya kwa hukumu (Yohana 5:28-29).

Kuhusu hali ya wafu kabla ya siku hiyo, makanisa hayako pamoja. Wakatoliki hufundisha kwamba kila mtu huhukumiwa mara afapo, na kuna toharani kwa wanaohitaji kutakaswa. Waprotestanti wengi huikataa toharani, wakishika kwamba mwenye haki huenda kwa Kristo papo hapo. Waadventista Wasabato husema wafu wamelala, hawajui neno, na kwamba mwishoni waovu watateketea wasiwepo tena. Hapo ndipo Mathayo 25:46 hubishaniwa sana, kwa sababu neno moja la Kigiriki, aionios ("-a milele"), limetumika kwa adhabu na kwa uzima pia. Anayefupisha adhabu hudaiwa aeleze kwa nini hafupishi uzima. Naye hujibu kwamba kinachodumu milele ni matokeo ya adhabu, si maumivu yake.