Maswali yenu: hesabu ya hewa ukaa katika kampuni ya ushauri

Swali: Sisi ni kampuni ya ushauri, hatuna kiwanda wala malori. Mteja wetu mkubwa anataka taarifa ya gesi joto tunazozalisha. Kuna cha maana cha kuandika?

Jibu: Kipo, na sehemu yake kubwa haiko ofisini. Mwongozo unaotumiwa na kampuni nyingi, GHG Protocol, una makundi matatu. La kwanza ni kile mnachochoma au kuvujisha wenyewe: dizeli ya jenereta, mafuta ya magari ya kampuni, gesi ya viyoyozi. La pili ni umeme mnaonunua. La tatu ni yale yanayozalishwa na wengine kwa sababu ya kazi zenu. Lina vipengele 15, na kwenu vizito ni manunuzi, safari za kikazi, na wafanyakazi kwenda na kurudi kazini.

Msiliruke kundi la kwanza kwa kuwa ni dogo. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Kinachosahaulika ni viyoyozi: kilo moja ya gesi ya R-410A ikivuja ni sawa na takriban tani mbili za hewa ukaa. Tafuteni ankara ya fundi, maana kilo alizoongeza kwenye mashine ya zamani ndizo zilizovuja. Kama ameandika "huduma ya kiyoyozi" na kuishia hapo, mwambieni kuanzia sasa apime mtungi kabla na baada ya kujaza, na aandike tofauti.

Swali: Mita ya umeme ni ya mwenye jengo. Tufanyeje?

Jibu: Mwombeni ankara za miezi 12 za jengo zima. Jengo likiwa limetumia yuniti 240,000, nanyi mna mita za mraba 900 kati ya 6,000 zinazopangishwa, fungu lenu ni asilimia 15, yaani yuniti 36,000. Gawanyeni kwa eneo linalopangishwa tu. Mkijumlisha maegesho na ngazi, umeme wa huko utabaki hauna mwenyewe. Kisha zidisheni kwa kigezo cha gridi ya nchi mliyomo, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila yuniti ya umeme, cha mwaka huohuo.

Swali: Wakala wa safari hutuletea gharama za tiketi pekee. Tunaweza kuzidisha fedha kwa kigezo tukamaliza?

Jibu: Inaruhusiwa, na kwa mwaka wa kwanza inatosha, ila msikae hapo. Nauli ikipanda maradufu, hesabu itasema mmechafua maradufu, ilhali ndege ni ileile na njia ni ileile. Mkikata tiketi mapema kwa bei nafuu, mtaonekana mmepunguza gesi bila kufuta safari hata moja. Kampuni ya ushauri inayohesabu hivi miaka mitatu mfululizo haijui kama inapunguza kweli.

Mwombeni wakala faili yenye tarehe, uwanja wa kuondokea, uwanja wa kufikia na daraja la kiti, kila mruko kwenye mstari wake. Safari yenye kituo katikati ni miruko miwili. Mkipima moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, kilomita zinapotea. Tiketi iliyofutwa iondolewe, la sivyo mtahesabu kiti ambacho hakikukaliwa na mtu wenu.

Daraja la kiti ndilo linaloleta tofauti kubwa. Katika vigezo vinavyotolewa kila mwaka na serikali ya Uingereza, kiti cha daraja la biashara katika safari ndefu hubebeshwa karibu mara tatu ya kiti cha kawaida, kwa kuwa kinakula nafasi kubwa zaidi ndani ya ndege. Vigezo hivyo huja kwa namna mbili, pamoja na athari nyingine za ndege huko juu angani au bila hizo. Tumieni vyenye athari, semeni hivyo kwenye taarifa, wala msibadilishe mwaka unaofuata ili namba ipendeze.

Na safari anayolipia mteja bado ni yenu, kwa sababu aliyesafiri ni mfanyakazi wenu. Tiketi hizi hazipiti kwa wakala wenu, kwa hiyo zitafuteni kwenye fomu za madai ya posho na kwenye karatasi za saa za mradi.

Swali: Mkurugenzi anataka kutangaza sifuri halisi (net zero), yaani gesi tunazotoa zisizidi zinazoondolewa angani, ifikapo 2040, kwa kununua mikopo ya kaboni, yaani vyeti vya tani zilizopunguzwa au kuondolewa na miradi ya wengine.

Jibu: Mzuieni kwanza, kwa heshima. SBTi, taasisi inayohakiki malengo ya kampuni, ilitoa kanuni za sifuri halisi Oktoba 2021. Kwa kanuni hizo kampuni inapunguza yenyewe angalau asilimia 90 kwa jumla, na kilichosalia tu ndicho kinachofidiwa kwa kuondoa hewa ukaa angani. Mikopo iliyonunuliwa haihesabiwi kuwa punguzo. Iandikwe mahali pake, mbali na jedwali la tani.

Lengo la muda mfupi kwa makundi mawili ya kwanza ni kupunguza asilimia 4.2 kwa mwaka, ikipimwa dhidi ya mwaka wa msingi, yaani mwaka mnaoanzia kulinganisha, si dhidi ya mwaka uliopita. Toka 2019 hadi 2030 ni miaka 11, yaani asilimia 46.2: tani 1,000 zishuke hadi 538. Mwaka wa msingi usiwe 2020 wala 2021. Ndege zilikuwa chini, na kila mwaka unaofuata utaonekana mmeharibu.

Swali: Tumenunua kampuni ndogo, tani zetu zimeruka. Tueleze tu kwenye maelezo?

Jibu: Hapana. Mabadiliko yakifikia asilimia 5 ya jumla, ambayo ndiyo kiwango cha SBTi, rudini kwenye mwaka wa msingi na mwongeze tani za kampuni hiyo za mwaka ule. Kama kumbukumbu zake hazipo, kadirieni kwa idadi ya wafanyakazi wake wa wakati huo na mwandike namna mlivyokadiria, ili mkaguzi aweze kurudia hesabu yenu.