Mackinnon si "bin Kinnon", na Fatuma si "bin Saidi"

SWALI: Mwalimu, sisi wa Mackinnon Road tunaambiwa jina la mji wetu maana yake ni "bin Kinnon". Ni kweli? Na mwanamke wa ukoo huo, naye ni bin?

JIBU: Nusu ni kweli. Mac ni neno la Kigaeli cha Uskoti, maana yake mwana wa kiume, sawa na bin yetu. Ila huyo Kinnon hakuwahi kuzaliwa. Mzee wa ukoo ni Fingon, na Wagaeli huandika MacFhionghuin. Hiyo Fh haitamkwi, kwa hiyo k mnayoisikia ni mkia wa Mac. Ukoo huo ni wa visiwa vya Mull na Skye, na kwenye kisiwa cha Iona kuna msalaba wa jiwe wa mwaka 1489 uliochongwa jina la Lachlan wa ukoo wa Fingon na la mwanawe John, aliyekuwa mkuu wa watawa hapo.

Sir William Mackinnon, aliyezaliwa Campbeltown mwaka 1823 na ambaye kampuni yake ilichonga barabara ya kutoka Mombasa kwenda bara, hakuwa na baba aitwaye Fingon. Jina lilikuwa limeshaganda zamani, likawa la ukoo mzima.

Sasa mwanamke. Kwa Kigaeli haitwi Mac hata kidogo. Yeye ni NicFhionghuin, na hiyo Nic ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "binti wa mwana wa". Wagaeli wanalilinda hilo mpaka leo, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu sisi tuliopewa binti bure tumeanza kuitupa.

Fungua kadi za harusi, sikiliza matangazo ya vifo: "Fatuma bin Saidi", "marehemu Mwanaisha bin Omari". Bin gani? Anayeandika hivyo anadhani bin ni alama tu ya kutenganisha jina la mtu na la babake. Siyo. Bin ni mwana wa kiume, basi. Ukimwita Fatuma bin Saidi umemgeuza mwanamume mbele ya wageni waalikwa.

Mtaniambia ni jambo dogo. Chukueni hati ya mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu mwana wa kiume hupata mafungu mawili, binti fungu moja. Karani akiandika "Riziki bin Hamisi", na Riziki ni jina la wake na waume, anayesoma hati baada ya miaka ishirini atagawa nini, na kwa nani? Neno moja lingemaliza ugomvi: binti. Herufi mbili zilizokatwa zinatosha kuwapeleka ndugu mahakamani.

Na mfano tunao, mkubwa kuliko wote. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyezaliwa Fumba na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Jaribu kutamka "Siti bin Saad" mbele ya mzee yeyote wa Unguja. Hatakuacha umalize. Kwa Siti masikio yetu yanajua, kwa Fatuma wa jirani yanakuwa viziwi. Kwa nini?

Sigombani na anayeandika Fatuma Saidi, bila bin wala binti. Ndiyo desturi ya siku hizi, na haipotoshi mtu. Wala sigombani na koo za asili ya Hadhramaut, kule Yemen, ambazo bin yao imeganda kama Mac ya Mackinnon. Hao wote ni bin kwa jina la ukoo, wake kwa waume, na Mskoti wa kike anayejiandika Mackinnon kwa Kiingereza ana haki hiyo hiyo. Lakini bin inayotaja baba mzazi bado iko hai. Mtoto wa kike ni binti, na kadi iliyokosewa irudishwe kwa mchapaji.